Kutoka Kwimba hadi Leeds: mwalimu wa kusoma anaandaliwaje?

Nilifundisha darasa la kwanza wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, Tanzania, kwa miaka mitano kabla ya kuhamia Leeds, Uingereza. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, darasa langu lilifika watoto 112. Nilikuwa na ubao, chaki, fimbo ya kuonyeshea na sauti yangu. Kila asubuhi tuliimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, darasa zima likiitikia. Wazazi waliokuwa wakipita njiani walisimama kusikiliza na kufurahi.

Palikuwa na binti mmoja dawati la mbele aliyeimba kuliko wote. Ukimpa kitabu, anasoma bila kusita, kidole kikifuata mistari. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja tu katikati ya ukurasa: mbuzi. Akanitazama. Kisha macho yakarudi juu kabisa ya ukurasa, midomo ikaanza kuchezacheza kimyakimya, akashuka sentensi kwa sentensi mpaka akalifikia lile neno. Ndipo akalitaja. Ukurasa mzima alikuwa ameukariri.

Nilijua kuna tatizo. Sikujua linaitwaje wala nianzie wapi. Chuoni, kwa miaka yangu miwili ya cheti cha ualimu cha Daraja A, nilifundishwa azimio la kazi, andalio la somo, zana za maboksi na vizibo vya soda, na saikolojia ya elimu ya kunakili ubaoni. Haikutokea hata siku moja mkufunzi anikalishe na mtoto mmoja anayesoma, kisha aniulize: umesikia nini hapo?

Hapa Leeds ni msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto wa miaka mitano na sita. Sheria ya England hairuhusu mwalimu mmoja kupewa zaidi ya watoto 30 wa umri huo, kwa hiyo kwa hesabu ya vichwa hatulingani, na hilo sitalijadili. Kilichonishangaza ni binti wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kwetu akiwa bado mwanafunzi wa ualimu. Mtoto alisoma “sip” mahali pa “ship”. Nilidhani atamsahihisha waendelee. Akatoa kioo kidogo mfukoni, akamwonyesha mtoto jinsi midomo inavyojikunja, akamweleza kwamba herufi s na h zikikaa pamoja zinatoa sauti moja. Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Wakati wa chai nikamuuliza ameyajuaje haya. Akanieleza kwa dakika kumi nzima, kwa utulivu, sababu ya kila alichofanya. Mimi nilikuwa nimefundisha miaka mitano na sikuwa na maelezo hayo.

Huku nako hawakuzaliwa wanayajua. Kwa miaka mingi watoto wengi wa England waliambiwa watazame picha wabahatishe neno. Mwaka 2006 Jim Rose, mkaguzi wa zamani wa shule, aliikabidhi serikali ripoti iliyopendekeza watoto wafundishwe uhusiano wa herufi na sauti kwa mpangilio, toka mwanzo. Viwango vya ualimu vilivyoanza kutumika mwaka 2012 vikamtaka kila anayefundisha kusoma aonyeshe kwamba anaielewa njia hiyo. Mwaka huohuo likaanza zoezi la kupima watoto wa miaka mitano na sita: maneno 40, na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote, kila moja limechorewa kiumbe cha ajabu pembeni. Mwanzoni nilikasirika. Mnampimaje mtoto kwa neno lisilokuwepo duniani? Nikamkumbuka binti wangu wa Kwimba. Neno ambalo halipo haliwezi kukaririwa.

Mwanafunzi wa ualimu hukaa shuleni siku zisizopungua 120 ndani ya mwaka wake wa mafunzo, na tangu 2021 akiajiriwa hulelewa na mwalimu mzoefu kwa miaka miwili, huku vipindi vyake vikipunguzwa apate muda wa kujifunza. Walimu wapo wanaolalamika kwamba zoezi lile la maneno 40 linakula muda wa hadithi, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Nimewaona watoto wanaotamka kila kitu lakini hawana hamu na kitabu chochote.

Sasa, sisemi tubebe kila kitu cha Waingereza twende nacho Kwimba. Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44, ndiyo maana wanahangaika hivi. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu inatamkwa vilevile popote uikutapo. Waliotuachia ba be bi bo bu walituachia hazina, kwa kuwa lugha yetu imejengwa kwa silabi.

Ila hazina hiyo ina mahali inapoishia. Mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wa makosa ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili. Walionyesha kwamba hata lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa si kazi nyepesi kwa mtoto kuiandika. Nilipousoma nikiwa hapa Leeds niliona madaftari yangu ya Kwimba: “buzi”, “gombe”, “walimu” mahali pa mwalimu, na l na r zikibadilishana viti kama tunavyozibadilisha Wasukuma wengi tunapozungumza. Yote niliyapiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Yalikuwa yananieleza mtoto amekwama wapi, nami sikujua kuyasoma. Na utafiti huo unaohusu lugha yetu umeandikwa kwa Kiingereza. Mkufunzi wa chuo cha ualimu ataupatia wapi?

Kuna jingine ningetamani niliambiwe mapema. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni kutambua maneno kuzidisha kwa kuelewa lugha. Kuzidisha, wala si kujumlisha, na mwalimu yeyote wa hesabu anajua sifuri inafanya nini hapo. Mtoto wa Kwimba aliyelelewa kwa Kisukuma anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kiswahili bila kosa na asiambulie kitu. Huyo hahitaji silabi zaidi. Anahitaji mazungumzo, hadithi, maneno.

Nyumbani hatujalala. Mtaala wa 2015 uliirudisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katikati ya darasa la kwanza na la pili, mpango wa LANES wa kuiimarisha KKK hiyo ukagharamia semina za walimu, na sasa kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini semina inamkuta mwalimu darasani tayari, ameshapitisha mamia ya watoto mikononi mwake. Kazi hii ianze chuoni. Kabla ya kupewa cheti, kila mwanachuo akae na watoto kumi, mmoja mmoja, awasikilize wakisoma, aandike makosa yao, ayarudishe chuoni yajadiliwe na mkufunzi. Gharama yake ni daftari na penseli. Na mwalimu mkuu aache kumpangia darasa la kwanza yule aliyekosa pa kumweka.

Mpwa wangu yuko chuoni, na mwezi uliopita alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilimwomba ajaribu kwa watoto wachache tu. Juzi usiku akanitumia ujumbe wa sauti: “Shikamoo shangazi. Nimewasikiliza kumi na wanne. Tisa wanaruka m na n mwanzoni mwa neno, kama mbuzi na ndege. Wawili wanasoma vizuri ila nikiwauliza habari inahusu nini wananyamaza. Sasa shangazi, hao wawili nawafanyaje?”

Tulizungumza mpaka salio lake likaisha.