Madaktari wanaolipia wenyewe kufanya kazi, kabla hatujawaita watalii

Kila meli ya Mercy Ships, wale wa meli za hospitali, ikitia nanga bandari yoyote ya Afrika maneno ni yale yale: wazungu wamekuja kupiga picha na watoto, kuhubiri kidogo, halafu wang'oe nanga waondoke. Sio maneno ya bure, kuna sehemu nakubaliana nayo kabisa, ila wengi wanaoyasema hawajui watu wa mle ndani wanaishije.

Tuanze na hela. Hili shirika la Kikristo lilianza 1978, na utaratibu wao tangu zamani ni kwamba wanaojitolea hawana mshahara. Hiyo inajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba wanalipa. Daktari bingwa, fundi wa injini, mpishi, anayefua mashuka ya wodini, wote wanajigharamia nauli na wanatoa hela ya malazi na chakula kwa kipindi chote watakachokaa. Sasa cheki hii: kijana wa pale mjini anayechukuliwa kuwa mkalimani wodini yeye analipwa. Kwahiyo pale kitandani kwa mgonjwa wamesimama watu wawili, anayetafsiri maumivu anaondoka na ujira na aliyeshika kisu amelipia kuwepo pale. Sisi tuliozoea semina isiyo na posho haina watu, hiki kitu kinatakiwa kitusumbue kidogo. Mi kinanisumbua, kila nikikifikiria nakosa pa kukiweka, manake utalii mtu analipa apumzike, hawa wanalipa wasimame masaa kibao chumba cha upasuaji.

Na sio wote wa wiki mbili. Gary Parker, bingwa wa upasuaji wa uso na taya, alikuja 1987 kwa mpango wa miezi michache tu, akaoa humo humo, akalelea watoto wake wawili melini, ikapita miaka zaidi ya 30. Ndio maana meli ina shule, watoto wa wahudumu wanasoma humo baba na mama wakiwa kazini. Africa Mercy, moja ya meli zao, ilikuwa kivuko cha kubeba treni huko Denmark kabla ya kugeuzwa hospitali na kuanza kazi 2007, vyumba vya kubanana, unalala na watu ambao hukuwachagua, na kuoga walizoea kuambiwa dakika mbili, maji yasiishe. Ndio, kulikuwa na kahawa ya Starbucks, ile kampuni kubwa ya Marekani, mle ndani na wakosoaji wanaipenda sana hiyo habari, haya, wapeni kahawa yao.

Wanachofanya ni upasuaji wa bure: mdomo sungura, mtoto wa jicho, fistula, miguu iliyopinda, makovu ya moto yaliyovuta mkono ukakunjika. Na uvimbe wa taya. Kuna aina inaitwa ameloblastoma, inaanzia kwenye chembe zinazotengeneza meno, mara nyingi hata sio kansa, lakini haiachi kukua, inasukuma meno, inaziba mdomo mpaka mtu anashindwa kula na mwisho kupumua. Penye daktari wa meno wa karibu inaonekana ikiwa ndogo inatolewa, asipokuwepo huyo mtu anaishi nayo miaka amejifunika kitambaa, soko haendi, msibani haendi.

Upande wa pili sasa. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya 2015 ilisema dunia inahitaji operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka, kwa hesabu hiyo meli hata zikiwa kumi haziendi popote. Halafu meli inaondoka. 2014 Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi, Africa Mercy iliyotarajiwa kwenda Benin ikaishia Madagascar. Kiutaalamu walikuwa sahihi, wodi za kubanana vile haziwezi kutenga wagonjwa wa Ebola, ila inaonyesha wazi hospitali yenye injini inaweza kuhama na ya nchi kavu haiwezi. Hata ile sifa ya kujilipia ina kasoro yake, anayeweza ni yule mwenye akiba au kanisa la kumchangia, nesi mzuri wa mshahara mdogo anabaki nje, ndio maana sura za pale zinakuwa hizo hizo mnazozilalamikia.

Dini ndio ngumu zaidi kwangu. Senegal na Guinea wengi ni Waislamu, meli ilienda kwa mwaliko wa serikali, na mgonjwa haulizwi imani ndio atibiwe. Sawa. Lakini mtu amefungwa bandeji uso mzima, aliyemtibu anamuuliza kama anaweza kumuombea, atasema hapana kweli? Nadhani wengi wanaitikia tu kwa heshima. Hapo naona wawe waangalifu zaidi, japo kuwataka waache imani ni kuwataka waache kilichowaleta, manake hakuna mshahara uliowaleta.

Global Mercy, meli yao mpya iliyojengwa China na kuanza kazi Dakar 2022, ina vyumba sita vya upasuaji na nafasi ya kufundishia madaktari na manesi wa nchi husika. Kwa hiyo hasira zetu nyingine ningezipeleka wizara za afya: huyo mtaalamu wa usingizi aliyefundishwa melini akirudi hospitali yake ya wilaya, mashine ya kufanyia kazi ipo, oksijeni ipo, umeme upo? Hivyo sio kazi ya mmisionari kuvinunua.