Kunyanyua Gari Tanga, Presha Inapanda Kwanza

Jamani, nani mwingine kachoka? Unataka gari inyanyuke inchi 2 tu, upande milima ya Amani bila kukwangua tumbo. Kila gereji hapa Tanga: "Hamna shida bosi, jioni unachukua!" Jioni ipi? Hata hujaniuliza nabeba mzigo gani! Ukitaja shokapu ndefu, fundi anakuletea kipande cha bomba alichokata mwenyewe, eti kinakaa juu ya springi. Mpira wa breki je, utafika gari ikishanyanyuka? "Utavutika." Utavutika?! Ni breki hiyo au lastiki ya kaptula? Alaimenti, yaani kunyoosha matairi? "Ukiona inavuta kulia, rudi." Nirudi nikitokea wapi, mtaroni? Na huyo ndiye anayesifiwa na kijiwe kizima! Mwenye fundi anayepima kabla ya kushika spana amtaje sasa hivi. Kahawa na kashata nalipa mimi.