Daftari la Mpenzi wa Hali ya Hewa Lina Thamani Gani?

Kila kaskazi inapokatika na kusi ikachelewa kuleta ubaridi wake, huzuka Mombasa ubishi ule ule. Wako wakaazi wanaopima joto nyumbani na kuliandika daftarini, wakashikilia kwamba usiku wa Julai haupoi kama zamani, au kwamba waliopita Taveta wameuona Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, una theluji haba katika msimu ambao ungepaswa kuwa mweupe. Na wako wanaowajibu kwamba mambo hayo yana wenyewe, nao ni wataalamu.

Hoja ya hawa wa pili haifai kubezwa. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani katika mtaa wa Majengo, karibu na bati lililochomwa na jua, hupima ukuta zaidi ya hewa, ilhali cha kituo rasmi hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya. Wastani wa tabianchi nao huhesabiwa kwa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, kwa hiyo Julai moja yenye joto haithibitishi neno. Tena macho hudanganyika: mwaka 2008, ardhi karibu na Nyahururu ilipogeuka nyeupe, wengi walitangaza theluji, na wataalamu wakaeleza kuwa ni mvua ya mawe iliyogandamana.

Hata hivyo, ushahidi usiotosha kukata shauri haustahili kutupwa, na sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine. Mwezi Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani. Hakuwa na chombo cha kuthibitishia alichokiona. Habari zake zilipochapishwa mwaka uliofuata, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwa amefika Afrika Mashariki, alizikataa, kwa kuwa hakukubali kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Desemba 1849 Ludwig Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, akauona Mlima Kenya kutoka Kitui, nao una theluji, Cooley hakutikisika. Ilibidi kungoja hadi 1862, wasafiri Wajerumani Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda Kilimanjaro hadi mita 4,200 hivi, theluji ikawaangukia. Miaka 14 ilipita katika kubishania jambo ambalo Wachagga waliliona kila walipoinua macho, na ambalo lingeweza kuchunguzwa mapema laiti wasomi wangeuliza shahidi alisimama wapi na aliona nini, badala ya kuuliza yeye ni nani.

Ni kweli kwamba kuona ni jambo moja na kueleza sababu ni jingine. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro kilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Anayeutazama kutoka mbali hudhani kwamba joto tu ndilo lililoiyeyusha, lakini watafiti waliopima kileleni wanaeleza kuwa hewa ya huko kwa kawaida hubaki chini ya sufuri, na kwamba ukavu na upungufu wa theluji vimechangia sana, kwani barafu hugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali. Maelezo hayo yanaturudisha baharini: unyevu unaolisha theluji ile hutoka kwa kiasi kikubwa Bahari ya Hindi, katika masika na vuli. Anayeandika mvua na pepo zake hapa Mombasa anaandika sehemu ya habari za Kibo, hata kama hakukusudia.

Kuhusu kasoro ya vipimo vya nyumbani, ninaona imekuzwa kupita kiasi. Kipimajoto kinachozidi cha uwanja wa ndege kwa nyuzi 2 kila siku, kwa miaka mingi, bado kitaonyesha mabadiliko, kwa sababu ziada ile yajulikana na yaweza kuondolewa. Kosa lisilorekebishika ni lile lililobadilika pasipo kuandikwa. Basi vituo rasmi vipokee madaftari haya na kuyalinganisha na rekodi zao, na mwenye daftari naye aandike saa aliyosoma kipimo, siku aliyokihamisha, na mwezi ambao mwembe wa jirani ulikatwa likajengwa ghorofa.