D ya Hisabati kwenye mlango wa MD: kinachomzuia tabibu ni nini hasa?

Dirisha la udahili likifunguliwa kila Julai, vyuo vya udaktari nchini Tanzania hupokea waombaji wa aina mbili wanaotazamana kwa jicho la pembeni. Mmoja ametoka kidato cha sita na PCB yake, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwingine ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu, na huenda ameshakaa zahanati miaka kadhaa akitibu malaria, kuhara na nimonia. Wa kwanza hulalamika kwamba stashahada ni njia ya mkato. Wa pili hujibu kwamba yeye ameshashika wagonjwa wakati mwenzake anaijua figo kwa mchoro tu. Maneno hayo yamezoeleka, na ndiyo yanayoficha sharti moja dogo linalowatoa matabibu wengi kwenye foleni kabla hata majina hayajashindanishwa.

Tuanze na masharti yenyewe. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia MD, yaani shahada ya udaktari wa binadamu, katika miongozo ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. D ya kidato cha sita ni pointi 2, kwa hiyo jumla ni pointi 6. Hicho ni kizingiti tu. Anayelenga MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, anajua ushindani halisi uko mbali juu ya hapo. Kwa mwenye stashahada ya utabibu, anayeitwa mwombaji wa sifa linganishi, kizingiti ni GPA isiyopungua 3.0 kwenye mizani ya 5.0, yaani wastani wa B. Juu yake anatakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika masomo matano: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza na Hisabati.

Ukiziweka orodha hizo mbili bega kwa bega, utaona Hisabati ya kidato cha nne imo kwenye ya pili na haimo kwenye ya kwanza. Mwanafunzi wa PCB husoma BAM (hisabati tumizi ya msingi) kama somo la nyongeza, lakini BAM haiingii kwenye zile pointi 6. Maana yake ni kwamba aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne, akapenya hadi PCB na kutoka na D tatu, ana sifa za kuomba MD. Tabibu mwenye GPA ya 4.3 na F ile ile hana.

Linalouma zaidi ni kwamba tabibu huyu hakuambiwa mapema. Ili kuingia stashahada ya utabibu alitakiwa kuwa na D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vimewekwa hapo kama nyongeza inayompa mwombaji nafasi nzuri zaidi, bila kuwa lazima. Amepokelewa, amesoma miaka mitatu, amefaulu ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, amefanya mazoezi wodini, ameapa, ameajiriwa. Siku anapofungua mfumo wa maombi wa chuo kikuu ndipo anakuta F aliyoipata akiwa na miaka 17 bado inamngoja mlangoni.

Tuitazame hiyo F. Katika mizani ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kidato cha nne, D inaanzia alama 30 na kuishia 44. Chini ya 30 ni F. Kwa hiyo kinachotakiwa ni alama 30 kati ya 100, na kinachomzuia mtu kinaweza kuwa alama 29. Sasa weka hilo kando ya hali ya somo lenyewe kitaifa. Mwaka 2021 na 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati. Mwaka 2023 palikuwa na nafuu kidogo, wakafika kama robo. Yaani hata mwaka wa nafuu, watatu kati ya wanne walitoka na F. Somo ambalo taifa zima linalifeli kwa kiwango hicho halipimi tena akili ya mtoto mmoja mmoja. Linapima kama shule yake ilikuwa na mwalimu wa Hisabati. Shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa somo hilo kwa vidato vinne, naye akahamishwa katikati ya mwaka, inatoa F kwa darasa zima, wenye uwezo na wasio nao. Na ukiuliza matabibu wa zahanati za mbali wametoka shule gani, utasikia majina ya shule hizo hizo. Sharti linaloonekana kuwa la kitaaluma limeishia kuchuja watu kwa shule walizosoma.

Wanaolitetea wana hoja, tena si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba GPA za vyuo vya kati hazilingani. Alama za kazi za darasani na za wodini hutolewa na chuo chenyewe, na vyuo binafsi vinavyogombania wanafunzi vina kila sababu ya kuwa wakarimu. Mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mapungufu yake, ni kipimo kimoja walichokaa wote, na hakuna mkuu wa chuo anayeweza kukigusa. Anayechagua kati ya GPA ya 4.0 ya chuo kimoja na 4.0 ya chuo kingine anahitaji kitu cha tatu cha kumsaidia.

Ya pili inahusu masomo yenyewe. MD ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, biokemia, halafu patholojia, mikrobiolojia na famakolojia; ndipo wanafunzi wanapozama kwenye mizunguko ya wodini. Mwenye stashahada hajasoma Kemia wala Fizikia ya kidato cha tano na sita. Katika biokemia anakutana na pH, bafa na kasi ya vimeng'enya, mambo yanayodai logi na grafu. Katika fiziolojia kuna uwiano wa shinikizo, mtiririko na ukinzani wa mishipa. Baadaye kuna takwimu za utafiti. Walimu wa miaka ya mwanzo wanasema matabibu hujikwaa hapo, na ninawaamini. Ukiyatazama masomo waliyopitia, ajabu ingekuwa wasijikwae.

Ndiyo maana siungi mkono dai jingine linalosikika, kwamba tabibu aingizwe moja kwa moja mwaka wa pili au wa tatu kwa kuwa "ameshasoma anatomia." Amesoma anatomia ya kumwezesha kuchoma sindano ya takoni pasipo kugusa neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka mguuni, na anaifahamu vizuri. Ile ya MD inamtaka aijue neva hiyo tangu inapotoka kwenye uti wa mgongo hadi kidoleni, na aeleze mgonjwa atapoteza nini ikikatwa mahali gani. Kumrusha mwaka ni kumtupa kwenye patholojia bila msingi. Aanze mwaka wa kwanza kama wengine. Kwa wagonjwa ana faida kubwa na itaonekana mwaka wa tatu, mwenzake anapojifunza kuuliza historia ya ugonjwa na yeye ameshauliza maelfu.

Lakini hoja hiyo ya pili ukiifuata hadi mwisho, haikufikishi kwenye D ya Hisabati ya kidato cha nne. Inakufikisha kwenye Kemia, Fizikia na hesabu za kitabibu. D ya kidato cha nne, iliyopatikana kwa alama 30 za seti, vekta na hesabu za biashara, haimwandai mtu kwa kasi ya vimeng'enya. Na hesabu anazohitaji daktari kila siku, tabibu anazifanya tayari. Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Artesuneti ya sindano kwa walio chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji 42. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, kisha zinaongezwa 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa. Kila mililita sasa ina miligramu 10. Dozi ni mililita 4.2, ambazo jedwali huzizungusha kwenda juu. Kosea hapo na mtoto anapata nusu ya dawa. Anayefanya hesabu hiyo saa nane usiku, kwa tochi ya simu, ameshathibitisha uwiano na asilimia kwa namna ambayo karatasi ya NECTA haikuwahi kumpima.

Hoja ya tatu husemwa kwa wepisi sana: si akarisiti tu? Kurisiti kunawezekana. NECTA humruhusu mtahiniwa wa kujitegemea kurudia somo moja analolihitaji. Shida iko kwenye kalenda. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini hadi dirisha lifungwe kabisa. Mtihani ni Novemba. Matokeo hutoka Januari. Maombi ya chuo ni Julai, masomo huanza Oktoba au Novemba. Tabibu anayegundua tatizo lake mwezi Agosti, akiwa tayari kwenye mfumo wa maombi, amekosa usajili wa mwaka huo. Atasajili mwaka ujao, afanye mtihani Novemba, aombe chuo Julai ya mwaka unaofuata. Ni kama miaka miwili kwa ajili ya alama moja, na bado haijahesabiwa ruhusa ya mwajiri ya kukaa kwenye kituo cha mtihani kilicho makao makuu ya wilaya.

Muda huo una gharama nyingine isiyotajwa. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, asizidi miaka 35, na asiwe na kipato cha ajira. Mpigie hesabu tabibu aliyekwenda kijijini mara tu baada ya kuhitimu na kukaa huko miaka minne. Akiongeza miwili ya kurisiti, mkopo umempita. Aliyebaki nyumbani mjini bila kazi na kurisiti mara tu alipohitimu bado ana sifa. Aliyehudumia zahanati ndiye aliyezipoteza.

Zamani ngazi ilikuwa na daraja la katikati. Mwaka 1963, ule ule ilipoanza shule ya udaktari ya Dar es Salaam ambayo leo ni MUHAS, yalianza pia mafunzo ya madaktari wasaidizi: tabibu mwenye uzoefu alisoma miaka miwili na kutoka akiweza kufanya upasuaji. Hao ndio waliobeba hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikoa ya Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba wao ndio waliofanya zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa uzazi, na matokeo yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya madaktari. Walichujwa kwa uzoefu na uwezo wa kazi. Tangu mafunzo hayo yasitishwe, njia kuu ya tabibu kupanda katika tiba ni MD, na kwenye njia hiyo imesimama D ya Hisabati.

Kwa maoni yangu D za Kemia, Fizikia na Baiolojia zibaki, na GPA ya 3.0 inaweza hata kupandishwa bila kumwonea mtu. Kiingereza kibaki, maana vitabu na mitihani yote ni kwa lugha hiyo. Hisabati ipimwe kwa mtihani mfupi wa kujiunga: hesabu za dozi, logi, grafu, takwimu za msingi, Kemia kidogo. Mtihani wa namna hiyo ungejibu pia ile hofu ya GPA za ukarimu, kwa kuwa wote wangekaa karatasi moja. Kama hilo ni zito, basi NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, iliweke sharti hili wazi kwenye mlango wa stashahada, ili mwanafunzi ajue siku ya kwanza.

Kwa sasa masharti ni hayo. Aliye mwaka wa kwanza wa stashahada na ana F ya Hisabati bado ana nafasi mbili za mtihani wa Novemba kabla hajahitimu, mwanzoni mwa mwaka wa pili na mwanzoni mwa wa tatu, mradi asajili kila Januari bila kungoja. Akifaulu atakuwa na namba mbili za mtihani wa kidato cha nne, na zote mbili lazima ziingizwe kwenye fomu ya chuo. Anayeingiza ya zamani peke yake, mfumo humsoma kama mwenye F. Ahakikishe jina kwenye matokeo mapya ni lile lile la cheti cha kwanza na la chuo, herufi kwa herufi. Na namba ya AVN, ya kuthibitisha stashahada, aiombe NACTVET mara matokeo ya mwisho yatokapo, maana chuo kikichelewa kupeleka matokeo yake, duru ya kwanza hupita na nafasi za MD ni za kwanza kujaa.