Dokta, kunywa maji

Aisee nyie mnaofanya kazi vyuoni mnajua, kuna siku unashuka waraka kutoka utawala na siku hiyo TA, yaani msaidizi wa mhadhiri, anakuwa mtu muhimu kuliko mkuu wa chuo. Waraka wenyewe ulisema slaidi za kila kozi ziwe Moodle, ule mtandao wa masomo wa chuo, kabla ya Ijumaa, mwalimu ambaye hajapandisha atoe maelezo kwa maandishi. Chuo sikitaji, bado nakula hapo.

Sasa Dokta wangu ni mzee wa siku nyingi, anafundisha hifadhi ya udongo tangu enzi za ubao na ile projekta ya kuwekea karatasi za nailoni, PowerPoint amekutana nayo ukubwani na ameipenda kwelikweli. Slaidi zake haziji hivihivi. Mshale unaingia unazunguka, neno MMOMONYOKO linadondoka herufi mojamoja darasa zima linasubiri, ukifika kwenye hasara ya rutuba kompyuta inalia ule mlio wa droo ya pesa ya supamaketi, kring! Kwenye upandaji miti yanapigwa makofi. Mimi kazi yangu ni kubeba spika.

Akaniita ofisini, akatoa flashi imefungwa kwenye nailoni kama dawa ya kienyeji. "Kijana, weka hii huko mtandaoni. Na usiguse kitu."

Naomba hilo la usiguse kitu tulishike wote, litakuja kunisaidia mbele.

Nachomeka flashi, faili moja tu, slaidi 64, MB 212. Picha zote zimetoka kwenye kamera zikamwagwa mle zilivyo. Moodle yenyewe imeandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, na PHP ukiiacha ilivyokuja inapokea faili la MB 2 basi, mtu wetu wa IT alishaipandisha mpaka 20 na kila ukimlilia anakujibu kwani 20 haitoshi, unapandisha sinema? Nikarudi kwa Dokta nikamwambia shikamoo, mzee faili kubwa, tufanye PDF, inakuwa nyepesi na mwanafunzi anafungua hata kwenye simu bila kumaliza bando. Akavua miwani. "Kwenye PDF mshale unatembea?" Nikasema hautembei. "Makofi?" Hayapigwi. "Sasa hapo wanafunzi wanajifunza nini?"

Jamani, mie ni TA, mkataba wangu unasainiwa upya kila mwaka na sahihi mojawapo ni ya huyohuyo mzee. Nikaligawa faili vipandevipande, nikapandisha kama lilivyo, pptx yenyewe ya PowerPoint, mishale na makofi yake. Nikaandika Wiki ya Kwanza mpaka mwisho, nikalala.

Kawaida ukipandisha slaidi, wanafunzi wanazifungua usiku wa kuamkia mtihani, hata Moodle yenyewe inakuonyesha kwenye logi nani kafungua na saa ngapi, siku zote ni jangwa. Safari hii nikachungulia logi nikaona watu wanashusha mchana, wanashusha usiku, wanashusha saa za ibada. Mpaka watu ambao bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka huwa hatuwaoni darasani wiki nzima. Steshenari ya getini foleni ya kutoa kopi inafika barabarani. Dokta akafurahi, akamwambia mkuu wa idara unaona, ule mshale.

Lekcha ikaja. Ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi, nikajua hapa leo kuna jambo. Dokta akaanza vizuri, akaingia kwenye mradi wa HADO, ule wa hifadhi ardhi Dodoma ulioanza 1973, akaeleza makorongo ya Kondoa yalivyokuwa, na jinsi mwaka 1979 serikali ilivyoamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256, mbuzi nje, ng'ombe nje, ili nyasi zirudi. Kisha akanyamaza kidogo kama anavyonyamazaga miaka yote kabla ya utani wake wa shemeji. Hajafungua mdomo, ukumbi mzima umeshacheka.

Akashangaa. Akasema "Sasa mimi nina shemeji yangu..." na watu mia na kitu wakamalizia kwa pamoja, "...alipanda mti mmoja akaomba cheti!"

Nikaona mzee anatafuta pa kushika. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa nini wafugaji hawakushirikishwa tangu mwanzo, swali la maana kabisa, na Dokta kabla hajajibu nyuma kule wakaitikia kama kwaya, "Swali zuri sana! Nani atamjibu mwenzake?" Hapo koo likamkauka. CR, kiongozi wa darasa, akasimama kwa adabu zote, daftari kifuani: "Dokta, kunywa maji."

Nikafungua laptopu yangu palepale na ndipo nikaona. Chini ya kila slaidi kuna kile kisehemu cha maandishi ya msemaji, kile ambacho ukiwasha projekta kinabaki kwako tu ukutani hakionekani, lakini ukimpa mtu faili umempa na hicho. Dokta miaka yote alikuwa anajiandikia humo. Slaidi ya 12, "Hapa utani wa shemeji. Subiri wacheke." Ya 15, "1979, siyo 1978, usirudie." Ya 19, "Wakiuliza wafugaji: swali zuri sana, nani atamjibu mwenzake. Usiwaangalie." Ya 20, "Kunywa maji." Halafu sasa zile zenyewe zilizofanya steshenari ijae: ya 23, ya 31, ya 44, "Hii toa UE, huwa hawaijui." UE ndio mtihani wa mwisho wa muhula.

Getini walikuwa wanauza madesa ya yale maandishi matupu, slaidi wameziacha. Kurasa chache, bei ya chapati mbili.

Ofisini nilisimamishwa wima. Nikamkumbusha mzee kwa heshima kwamba PDF niliisema, na usiguse kitu aliisema yeye. Akanyamaza, akakubali kishingo upande, akasema basi shusha yote futa maandishi, kisha pandisha. Nikashusha. Kwa taarifa yenu PowerPoint ina sehemu ya kukagua faili kabla hujaligawa, inafuta maandishi ya chini na jina la mwandishi (la kwetu mwandishi alikuwa anasomeka steshenari ya getini, tusiingie huko). Nikaikagua, nikapandisha, mtihani ukatungwa upya usiku, waliokariri ya 23, 31 na 44 wakaanza kuuliza ada ya sapu, ule mtihani wa marudio. Nikajua yameisha.

Kumbe mjini kuna vijana wa kozi ya kompyuta ambao hawasomi hata udongo, wanatafuta burudani tu. Wakalichukua lile faili la zamani, wakabadilisha mkia wake kutoka pptx kuwa zip, likafunguka. Ndani kuna folda la picha, na picha mle zipo nzima kama zilivyotoka kwenye kamera. Yaani wewe ukikata picha kwenye slaidi unajiona umeikata, kumbe PowerPoint imeikunja pembeni tu, mpaka uiambie itupe kabisa zile sehemu zilizokatwa. Dokta hajawahi kuiambia.

Slaidi ya 27 ilikuwa na picha ya korongo, chini imeandikwa Athari za Mifugo na Ukataji Miti kwa ajili ya Mkaa. Picha nzuri, korongo limechimbika mpaka unaona huruma. Sasa picha nzima: upande wa kulia wa korongo imepaki Land Cruiser ya mradi, kwenye keria magunia ya mkaa, na Dokta wetu mwenyewe amempakata mbuzi dume, mguu mmoja umeshaingia ndani ya gari, anacheka meno yote. Pembeni chini ile tarehe ya rangi ya chungwa ambayo kamera za zamani zilikuwa zinaandika zenyewe.

Sticker zilitengenezwa. Kuna moja imeandikwa HADO AWAMU YA PILI, niliifuta kwenye simu nikairudisha. Mzee kazini alivumilia, alisema yule mbuzi ni sampuli.

Tatizo darasani kuna binti anaimba kwaya moja na mama, mke wa Dokta. Picha ikatoka grupu la darasa ikaingia grupu la kwaya. Mama hakucheka wala hakuweka emoji. Alikuza ile tarehe ya rangi ya chungwa. Ni juma lile Dokta alirudi kutoka Kondoa mikono mitupu, akasema safari ilikuwa ngumu, posho haijatoka, na nyumbani mkaa walikuwa wananunua kwa kopo.

Usiku simu inaita, naona Dokta. Napokea, shikamoo mzee. Anaongea taratibu, sauti ya mtu anayesikilizwa. "Kijana, hebu mweleze mama yako kuwa hizi kompyuta siku hizi zinaweza kutengeneza mbuzi." Kabla sijajua nisimame upande gani simu ikachukuliwa.

"Mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo magunia hapo juu ya gari ni mangapi?"

Nikaifungua picha, nikayaangalia, nikafikiria mkataba wangu.

"Mama hapo hayaonekani vizuri, picha imekatwa kwa juu."

"Hata ile ya kwanza mlisema imekatwa. Ikunjue."