Digrii mbili, moja ya muziki: anzeni na ramani

Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi Marekani tukikaa kuzungumzia mtoto anayepiga piano au fidla vizuri, mazungumzo huishia palepale: asome muziki, sawa, ila achukue na kitu kingine. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni jinsi chuo kinavyochaguliwa, jina kwanza, mengine mtoto atajua mwenyewe akifika.

Digrii ya upigaji ala, Bachelor of Music, hula karibu theluthi mbili ya masomo ya mwanafunzi. Kilichobaki hakitoshi kubeba kemia au uchumi, ndiyo maana mipango mingi ya digrii mbili ni ya miaka mitano. Maabara huwa alasiri. Okestra nayo huipenda alasiri. Katikati kuna somo la kila wiki na mwalimu wa ala, na saa za mazoezi ya peke yako ambazo hakuna ratiba inayozionyesha.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: kutoka chumba cha mazoezi hadi maabara ni mwendo gani? Oberlin, kule Ohio, konsavatori yake, yaani shule ya kufundisha wanamuziki, ipo tangu 1865 na iko pamoja na chuo kwenye mji mdogo; unatoka darasani unatembea. Lawrence, mjini Appleton, Wisconsin, ni hivyohivyo. Konsavatori ya Peabody imeungana na chuo kikuu cha Johns Hopkins tangu 1977 na zote ziko Baltimore, lakini kampasi ni mbili na katikati kuna basi. Tufts na New England Conservatory, eneo la Boston, zina mpango wa miaka mitano, na tangu Desemba 2022 treni ya Green Line inafika Tufts moja kwa moja. Treni moja tu, mtaambiwa. Ni kweli, ila mpandeni Februari, theluji chini na chelo mgongoni, ndipo mje tuongee.

Chuo kikuu cha Columbia na konsavatori ya Juilliard, jijini New York, ndiko wengi wanakokimbilia, kwa majina yale. Someni vizuri: mwanafunzi wa Columbia hupata masomo ya ala Juilliard, lakini hilo halimpi shahada ya kwanza nyingine, ya muziki. Wenye kiwango huweza kuendelea hadi uzamili.

Bard, jimbo la New York, inanivutia kwa sababu nyingine. Konsavatori yake ilianza 2005 kwa sharti kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza achukue na digrii nyingine nje ya muziki. Maana yake hakuna mwalimu wa kukunjia uso eti wiki hii una mtihani wa biolojia. Kwingineko mwenye digrii mbili anaweza kujikuta yuko peke yake, na kuna walimu wanaomwona kama asiyejitoa kikamilifu. Hilo halitaandikwa kwenye kijitabu cha chuo. Waulizeni wanafunzi wa mwalimu huyohuyo, hasa aliyeanza digrii mbili akaacha moja.

Fedha: ulizeni kwa maandishi kama ufadhili unagusa mwaka wa tano. Wengi huhesabu minne.

Kwa kijana anayetoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, jambo moja husahaulika. Kupiga kwenye harusi au kanisani nje ya chuo kwa malipo bila kibali ni kuvunja masharti ya viza, hata kama kila mwenzake Mmarekani anafanya hivyo. Na akihitimu, digrii ya muziki humpa ruhusa ya kufanya kazi miezi 12. Digrii ya sayansi au kompyuta inaweza kuongezewa 24. Hapo digrii ya pili ina uzito ambao wazazi hata hawakuufikiria.

Video za mchujo hudaiwa mapema, vyuo vingi mwisho ni Desemba 1, na usaili wa ana kwa ana ni kati ya Januari na Machi. Kabla ya hapo mwombeni mwalimu somo moja la majaribio. Kama mtoto mwenyewe hana hamu na digrii ya pili na inachukuliwa ili baba alale usingizi, msimbebeshe miaka mitano. Asome Bachelor of Arts ya muziki, ambayo inaacha nafasi kubwa ya masomo mengine, amalize kwa minne.