Talmudi ya Kulingana na Makochi

Rafiki yangu, Myahudi mwenzangu, kaoa majuzi, kahamia fleti Kileleshwa hapa Nairobi, na wiki iliyopita akanitumia picha ya kabati tupu la vitabu. "Kaka, nichukue Talmudi ya jalada la kahawia au la buluu? Makochi ni ya kijivu."

Makochi!

Talmudi, ile mijadala mirefu ya marabi juu ya sheria, ukiisoma karatasi moja kwa siku utaimaliza baada ya siku 2,711. Huyu mwenzangu Kiebrania cha siduri, kitabu cha sala, bado anakifuata kwa kidole. Hicho Kiaramu cha Talmudi atasomewa na nani, na kochi?

Nikamuuliza: Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia na simu imezimwa, utashika nini? Maana sikatai, mambo yote yako Sefaria, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya Kiyahudi, tena bure, siku sita za wiki. Kabati la nyumbani ni la siku ya saba. Wenzetu wa London mwezi wa Desemba Sabato inakwisha kabla ya saa kumi na moja jioni, wamepona. Sisi wa Nairobi hatuna Sabato fupi. Mwaka mzima, baada ya chakula cha mchana, kuna masaa yanakukodolea macho. Hapo ndipo unapotaka Humashi, yaani vitabu vitano vya Musa, yenye maelezo ya Rashi na tafsiri unayoielewa. Kingine ni kitabu cha masimulizi ambacho mkeo atakunyang'anya. Juzuu za kupendeza usizoweza kuzisoma zitakutazama tu mpaka nyota zitoke na Sabato iishe.

Siduri nunua tatu, wageni wanakuja. Haggada, vitabu vya usiku wa Pasaka, ziwe za bei rahisi na zitoshe meza nzima, divai itamwagika.

Haya, kitabu kizuri si dhambi. Lakini rabi Asher ben Yehiel, aliyefariki mwaka 1327, alisema amri ya kuandika Torati siku hizi ni kuandika vitabu vya kujifunzia. Vya kujifunzia, kaka. Naye Yehuda ibn Tibbon, mfasiri wa karne ya kumi na mbili, alimuusia mwanawe avikague vitabu vya Kiebrania kila mwezi mwandamo, na asiazime kitabu bila kuandika kumbukumbu. Laiti ningemsikiliza! Mishna yangu ya Avot, kitabu cha mausia ya marabi, ilitoka kwangu kwa kuazimwa miaka mitatu iliyopita, na aliyeichukua huwa ananisalimia vizuri tu sinagogi.

Jana bwana harusi kajibu: ameamua buluu. Sawa. Ijumaa nitampelekea Humashi yangu ya zamani, ile iliyomwagikiwa supu kuanzia Nuhu hadi Abrahamu, na nitawahi kabla jua halijazama nisije nikakutwa nayo njiani, maana Sabato hatubebi vitu barabarani. Ataona mwenyewe kama inaendana na kijivu.